Mtungi Hauliwi

Mama aliposema kwamba ana safura, nilimsahihisha. Tulikuwa mezani, nyumbani kwetu Bawshar, saa moja ya asubuhi, nami nilikuwa nimeshavaa tayari kwenda kazini Maskati. Alikuwa ameegemeza shavu kwenye kiganja, na mbele yake palikuwa na chai ya maziwa aliyoiacha mpaka ikafanya utando.

"Nna safura mimi," alisema. "Nnajijua."

Nilimweleza kwamba safura si jina la ugonjwa. Safura, nilisema, ni nyongo ya manjano, mojawapo ya maji manne ambayo matabibu wa kale waliamini ndiyo yanayouendesha mwili wa binadamu: damu, balghamu, safura na sauda. Kila mtu anayo safura, kama kila mtu alivyo na damu. Kinachoweza kuwa ugonjwa ni kuzidi kwake, au kuharibika kwake, au kutoka mahali pake. Kwa hiyo kauli sahihi ingekuwa, "Safura imenizidi."

Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Haya. Imenizidi," akasema. Akainuka, akashika ukuta kidogo, akaenda kulala.

Niliondoka nimeridhika.

Wakati huo nilikuwa nikiandaa mhadhara. Mdogo wangu, ambaye nyumba yake iko mitaa mitatu kutoka kwetu, hukusanya wanawake ukumbini kwake mara moja kila mwezi. Wengi ni wa familia kama yetu, zilizorudi kutoka Unguja; hunywa kahawa, hula halua, na mmoja wao huzungumzia jambo lenye faida. Kwa muda mrefu faida hiyo ilihusu mapishi na mapazia. Nililalamika, kwa upole unaostahili, kwamba watu wazima waliosoma wanaweza kustahimili jambo zito kwa dakika arobaini. Wakanijibu kwa kunipa zamu. Nikachagua tiba ya Waislamu katika karne zile ambazo Baghdad, Damaski na Kairo zilikuwa na hospitali kabla miji mingi haijawa na mifereji.

Watu wengi wakizungumzia jambo hili hujivuna tu. Husema "sisi tulikuwa wa kwanza," kana kwamba wao wenyewe walikuwapo wakifunga majeraha. Mimi sikutaka kujivuna. Nilitaka kueleza namna kazi ilivyofanywa, na hasa kazi ya watu wasiotajwa sana, yaani wafasiri. Kabla ya tabibu wa Baghdad kuandika chake, palikuwa na mtu aliyekaa na kitabu cha Kiyunani mkononi, na mtu huyo hakuandika hata neno moja mpaka awe amekusanya nakala tatu au nne za kitabu kile kile na kuzilinganisha mstari kwa mstari. Alijua kwamba jina la mmea mmoja likikosewa, mgonjwa aliyepaswa kutapika atakufa. Niliwapenda watu hao kwa dhati. Katika maisha yangu ya ualimu, na baadaye ya ukaguzi wa shule, nimeona madhara mengi ya neno lililotumiwa ovyo, na sijapata kumwonea huruma aliyelitumia.

Kwa sababu hiyo hiyo, popote palipokuwa na dawati na mtu nyuma yake, mimi ndiye niliyemsemea Mama. Alikuja Maskati akiwa bibi harusi, na Kiarabu anakijua. Lakini ni Kiarabu ambacho Kiswahili hakijapata kuhama ndani yake. Huanza kwa lugha moja, akamalizia kwa nyingine, na katikati akaweka neno ambalo watu wa lugha zote mbili hulitazama kwa heshima na kulipita. Mimi nilizaliwa hapa. Kiarabu changu ni cha shule, na Kiswahili changu, nakiri, nimekinyoosha kwa vitabu.

Mwanamke anayemwangalia Mama mchana ninapokuwa kazini ni Mganda, mtu wa makamo kama mimi, Mkristo asiyekosa sala yake ya alfajiri. Kiswahili chake amekiokota mpakani, Nairobi na jikoni kwetu, na ninapata tabu kusema ni wapi kilikopata majeraha zaidi. Nilijitwika jukumu la kukitibu. Kila jioni nilimwuliza mwanamke huyo jinsi Mama alivyoshinda, naye alijibu, nami nikamsahihisha, akarudia. Ndipo jioni moja aliponingojea mlangoni.

"Madamu, Bibi anakula mtungi."

Mama alikuwa na mitungi mitatu midogo ya maji, ya udongo usiopakwa kitu, aina ambayo watu wa hapa huitundika kivulini ili maji yapoe. Aliinunua mwenyewe akisema maji ya friji hayana ladha.

"Mtungi hauliwi," nilimwambia. "Kinacholiwa ni chakula, na maji hunywewa. Sema: Bibi anakunywa maji ya mtungini."

"Sawa, Madamu. Bibi anakunywa maji ya mtungini." Akafikiri kidogo. "Halafu anakula mtungi."

Nilimwambia kwamba sehemu ya kwanza ilikuwa nzuri sana, na sehemu ya pili aifanyie mazoezi.

"Wallah, Madamu, hata mdomo yake imepungua. Kuja uone."

"Mdomo wake umepungua. Mdomo wa nani?"

"Ya mtungi."

Nilikwenda nikaona. Mdomo wa mtungi wa kwanza ulikuwa umemeguka pande zote, na wa pili ulikuwa umeanza. Nilimwuliza kwa nini hawi mwangalifu anapoosha vyombo. Nikamweleza kwamba kuvunja si kosa kubwa, kila mwenye mikono huvunja. Kosa ni kumsingizia mtu mzima asiyekuwapo kujitetea. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi yake.

"Khalas, Madamu," akasema, akarudi jikoni.

Hakuniambia tena Bibi ameshindaje, ila kwamba ameshinda salama. Sentensi hiyo haikuwa na kosa.

Mama hakuwa salama. Alikuwa akipanda ngazi mpaka katikati, akakaa. Miguu yake ilivimba. Alisema anasikia maji yakienda masikioni, na nikamwuliza maji ya aina gani, akasema aniache. Usingizi ulimchukua mchana akiwa na kijiko mkononi. Kila nilipomwuliza, jibu lilikuwa moja: "Si nshakwambia. Safura." Nilimpeleka kwenye zahanati ya binafsi iliyo karibu na barabara kuu, tukapokewa na daktari mgeni nchini, mtu mpole mwenye kalamu nne mfukoni.

"Mama anasumbuliwa na nini?" aliuliza kwa Kiarabu.

Mama akafungua kinywa. Nikasema kwamba anasumbuliwa na safura. Nilikitamka Kiarabu chake barabara, "safraa," pamoja na kuvuta mwisho, na niliona daktari amefurahi kumpata mtu anayejua jina la kitu.

Akauliza kama anaumwa chini ya mbavu, upande wa kulia, hasa baada ya kula mafuta. Nikamfasiria Mama.

"Nikila mafuta?" Mama alisema. "Nani asiyeumwa akila mafuta? Lakini mie, mwanangu, kinachonishinda ni—"

"Ndiyo," nilimwambia daktari.

Alimtazama macho akitafuta manjano, hakuyaona, akaandika kwamba hakuyaona. Alimtazama viganja na kucha, lakini wiki ile jirani alikuwa amemwoza binti yake, na Mama alikuwa na hina mpaka mwisho wa vidole, nyeusi tii, isiyoonyesha ngozi. Kisha akampiga picha ya tumbo. Katika mfuko wa nyongo vikaonekana vijiwe vitatu.

Nitasema kweli: nilifurahi. Niliona karne nyingi za matabibu wakinitikisia vichwa. Daktari, kwa uaminifu, alitueleza kwamba wanawake wengi wa umri ule wana vijiwe kama hivyo na huishi navyo bila habari. Lakini kwa kuwa mgonjwa mwenyewe analalamikia nyongo, alisema, ni afadhali mfuko utolewe. Akaandika barua kwenda hospitali kubwa.

Tulikuwa garini, kwenye mataa, Mama alipouliza.

"Wanataka kunipasua nini?"

"Mfuko wa nyongo."

"Kwani nani kasema naumwa nyongo?"

"Wewe, Mama. Umesema safura."

"Ndiyo. Safura."

"Safura ni nyongo."

Akageukia dirishani. Magari yalikuwa yamejipanga safu nne mpaka upeo wa macho.

"Kwetu haikuwa nyongo," alisema.

Nikamwambia kwamba maana ya neno haitegemei mtu anakaa wapi.

Siku ya upasuaji ilipangwa wiki mbili mbele, na mhadhara ukaangukia katikati. Mdogo wangu alishauri tuuahirishe. Sikuona sababu, Mama alisema atakuja, na aliwekwa mbele kabisa, kwenye kiti cha mikono, mto mgongoni. Tulikuwa wanawake ishirini hivi.

"Karibuni," mdogo wangu aliwaambia wageni. "Leo anazungumza dada yangu. Mnamjua. Ukimwambia sabahalkheri, atakuuliza ushahidi."

Wakacheka. Nikangoja wamalize, nikaanza.

Niliwaeleza habari za wafasiri. Niliwaeleza hospitali zilivyokuwa na vyumba mbalimbali vya homa, vya macho, vya waliovunjika, na vya waliopotewa na akili, ambao hawakufungwa tu bali waliwekwa karibu na maji yanayotiririka. Na jinsi mgonjwa aliyepona alivyopimwa kwa kuonekana anaweza kula mkate na kuku bila msaada. Niliwaeleza kwamba palikuwa na msimamizi wa soko aliyekuwa na haki ya kumsimamisha tabibu na kumtaka ajibu maswali. Mwanamke mmoja akauliza kama msimamizi huyo anaweza kurudishwa. Niliwaeleza vitabu vya wauza dawa, ambavyo kazi yake ilikuwa kuandika majina yote ya dawa moja, kwa Kiarabu, Kiyunani, Kisiria na Kiajemi, ili mgonjwa asije akapewa kitu kile kile mara mbili kwa majina mawili. Nilikaa sana kwenye jambo hilo kwa sababu lilinipendeza.

Kisha nikaja kwenye udongo. Nilikuwa nimeuweka mwishoni ili kuwaburudisha. Nishapuri, niliwaambia, palikuwa na udongo mweupe uliookwa na kuliwa baada ya mlo, kama sisi tulavyo halua. Na palikuwa na udongo wa Armenia uliotumika kama dawa. Matabibu walibishana kuuhusu kwa miaka mingi. Lakini waliona jambo moja waliloliandika mara kwa mara: mtu anayeutamani udongo, ambaye ulimi wake huuomba usiku na mchana, huwa rangi imempotea na mwili wake umeanza kuvimba, na tabibu mwenye akili humwuliza anakula nini kabla hajamwuliza anaumwa wapi.

Mama alikuwa akimung'unya kitu tangu mwanzo wa mhadhara. Nilidhani ni ubani, kama kawaida ya wazee wa hapa. Niliposema hayo ya udongo, aliacha kumung'unya.

Niliona kwamba mhadhara umemgusa.

Asubuhi ya miadi ya hospitali, kabla ya siku yenyewe ya upasuaji, tulionwa na daktari wa usingizi. Alikuwa binti mdogo kuliko wengi niliowafundisha, Mwomani, buibui lake limefunikwa na koti jeupe lenye doa la wino. Hakuisoma barua. Alimshika Mama kope ya chini, akaivuta kwa kidole gumba, akatazama. Akamwambia atoe ulimi, akatazama. Akamwita mwuguzi, damu ikatolewa, tukangoja. Aliporudi na karatasi alikuwa anatembea haraka zaidi.

"Kwa damu hii," aliniambia kwa Kiarabu, "simlazi mtu usingizi. Haifiki nusu ya inayotakiwa. Sijui anakaaje kwenye kiti hiki. Anakula nini?"

"Wali," nilianza, "samaki, mboga mara—"

"Wewe wasemaje, Bibi?" daktari alimwuliza Mama, kwa Kiswahili. Kiswahili cha nyumbani, cha Unguja. Sikuwa nimetazamia, wala Mama hakuwa ametazamia. Aligeuka mwili mzima.

"Ah! Na wewe wetu?"

"Wenu, Bibi. Unaumwa nini?"

"Nna safura, mwanangu."

"Pole. Tangu lini?"

Nilihisi ni wajibu wangu kuingilia, kwa kuwa ndilo neno lililotufikisha pale. "Safura, kwa asili yake," nilisema, "ni nyongo ya—"

"Kwa asili yake, ndiyo," daktari alisema. "Bibi yangu mzaa mama alikuwa akilitaja kwa mtu aliyepungukiwa na damu. Tafadhali, dada, utusubiri nje kidogo."

Nilitoka. Nje ilikuwa ni upande wa pili wa pazia, na pazia la hospitali huzuia macho peke yake. Kulikuwa na kiti. Nilikaa, nikaweka mkoba wangu mapajani.

"Nnakula mtungi," Mama alisema.

"Mtungi upi, Bibi?"

"Wa maji. Nnaumega mdomo wake kwa ufunguo wa kabati, nikauweka ulimini. Ukilowa una harufu ya ua uliomwagiwa maji. Nnaona haya, mwanangu, mtu mzima. Lakini mwenye safura ndivyo alivyo. Kwetu mtu akionekana anakula udongo, watu walijua. Hawakumwuliza zaidi."

"Na choo? Kina rangi gani?"

"Cheusi kama wino. Nlidhani tende."

"Unameza dawa gani?"

"Za magoti. Huyu aliyeko nje hunipa kidonge cheupe asubuhi. Mdogo wake akija adhuhuri hunipa cha manjano. Wanashindana kunipenda."

Nikasikia karatasi za dawa zikitolewa mkobani mwa Mama, moja baada ya nyingine, na daktari akizigeuza kusoma maandishi madogo.

"Bibi, hizi ni dawa moja. Majina tu ndiyo mawili."

"Ala!"

"Na mbona hukusema haya yote tangu mwanzo?"

"Nimwambie nani?" Mama alisema. "Mwanangu nampenda, Mungu anajua. Lakini nikisema kichwa, yeye atasema tumbo, na atakuwa na ushahidi."

Nilikaa pale nikiutazama ukuta wa mbele, uliokuwa na picha ya namna ya kunawa mikono kwa hatua saba. Nilizisoma zote. Neno safura lilitoka katika vitabu ninavyovipenda, likavuka mpaka Unguja, na huko likakuta watu waliopauka na kuvimba na kulamba kuta, wasio na jina la ugonjwa wao. Wakalichukua likawafaa, likafanya kazi hiyo kwa vizazi. Mama alilirudisha Maskati likiwa na maana kamili, na katika nyumba nzima mtu pekee aliyedai kulijua ndiye aliyelipindua. Wale wafasiri wa Baghdad wasingeandika neno kabla ya kulinganisha nakala. Mimi nilikuwa na nakala moja, ambayo ni mimi.

Daktari alitoka akaniambia waziwazi. Mama anavuja damu tumboni, polepole, kwa muda mrefu. Pengine ni kidonda kilichochimbwa na vidonge. Pengine ni kitu kibaya zaidi, na hatakitaja mpaka kionekane. Upasuaji wa nyongo umefutwa; ungefanywa kama ulivyopangwa, alisema, tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Mama atalazwa sasa hivi, ataongezwa damu, na kesho watapitisha kamera kooni watazame.

Nilirudi nyumbani kumchukulia nguo. Mganda wetu alikuwa amekwisha kuzitoa kabatini kabla sijafika, kwa kuwa mdogo wangu alikuwa amempigia simu akilia. Tulisimama pande mbili za kitanda cha Mama, tukikunja kanga.

"Bibi alikuwa anakula mtungi," nilimwambia.

"Ndiyo, Madamu."

"Nilikukosea."

Akaendelea kukunja. "Kwetu mwanamke akikula udongo tunamuuliza tu, ni mimba ama ni damu imeisha. Bibi si mimba." Akaiweka kanga juu ya nyingine. "Ile siku nilisema 'anakula mtungi.' Hiyo nilisema vizuri?"

"Ulisema vizuri."

"Mara zote?"

"Mara zote."

"Na kuvunja?"

"Hukuvunja. Nilikusingizia. Naomba unisamehe."

Aliwaza jambo hilo kwa utulivu, kama mtu anayekagua kazi ya mwanafunzi.

"Sawa," alisema. "Usisahau soksi. Miguu yake inasikia baridi, na wewe hutamuuliza."

Nilichukua soksi.

Usiku ule Mama alipewa damu chupa mbili, na asubuhi midomo yake ilikuwa na rangi ambayo sikuwa nimeona kwamba imeondoka. Hilo lilinitaabisha kuliko jambo lolote alilosema daktari. Nimekaa mezani na uso ule kila siku ya maisha yangu.

Mdogo wangu alikuwa amefika kabla yangu, macho yamevimba. Alikuwa ameshika vile vidonge vya manjano kwenye mfuko wa plastiki, kama mtu aliyeleta kitu polisi.

"Dada, ni mimi," alisema.

"Ni sisi," nilimwambia.

"Wewe si ulituhutubia? Majina mawili, dawa moja. Nilikuwa namimina kahawa nikasema, mashallah, watu wa zamani walikuwa na akili."

"Na mimi nilikuwa nasoma karatasi."

Tulikaa tukashikana mikono, jambo ambalo hatujalifanya tangu tulipokuwa watoto, na kwa mikono yetu sote wawili lilikuwa gumu kidogo.

Saa tatu walikuja kumchukua Mama. Mwuguzi akamwambia atoe meno ya bandia. Mama akayatoa, akayafunga ndani ya kitambaa, akaniita kwa kidole. Bila meno maneno yake yalikuwa yamelainika, lakini niliyasikia yote.

"Shika haya. Na usinisemee mpaka nirudi."

Wakamsukuma, milango ikafungwa.

Sijui tulingoja kwa muda gani. Mdogo wangu alikuwa akisoma dua kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa nimeshika kitambaa kile, na nilijaribu kufikiria jambo la kufaa, kama nilivyozoea, mfano fulani wa subira za watu waliopita. Hakuna lililokuja. Nilifikiria tu neno ambalo daktari hakulitaja, na nikagundua kwamba silitaki kwa lugha yoyote.

Daktari aliyemtazama Mama ndani alitoka akiwa amevua glavu moja. Alisema maneno machache. Nilimwomba ayarudie, naye akayarudia, kwa subira, nami nikayaandika nyuma ya risiti ya maegesho kama alivyoyasema.

Mama alizinduka karibu na adhuhuri. Alitazama dari, akamtazama mdogo wangu, akanitazama mimi.

"Meno."

Nikampa. Akayaweka, akayakaza kwa ulimi.

"Wamesema nini?"

Nikasoma risiti. "Una kidonda tumboni. Kimetokana na vidonge vya magoti. Usimeze tena, cha rangi yoyote. Wamekata kipande kidogo kwenda kukipima, kwa uhakika, lakini daktari ameona kidonda tu na hana wasiwasi. Nyongo yako haiguswi. Utatumia dawa ya damu miezi kadhaa."

Mama alingoja. Nilikunja risiti nikaitia mkobani. Bado alikuwa akingoja.

"Basi?"

"Basi, Mama."

"Hakuna zaidi?"

"Hayo ndiyo aliyosema."

Akaniangalia kwa makini, kisha akamwangalia mdogo wangu, kana kwamba kuna jambo ambalo tumekubaliana kumficha. Halafu akainua mkono wake uliokuwa na sindano, mrija wake ukining'inia, akanigusa paji la uso kwa nyuma ya vidole.

"Na wewe," aliniuliza, "u mzima?"